Utulivu Katikati ya Vita: Maoni Juu ya Bhagavad Gita

Vitabu vingi vinavyomfundisha mtu utulivu wa moyo humchukua kwanza mahali palipo tulivu: msituni, pangoni au kivulini mwa mti. Bhagavad Gita haifanyi hivyo. Yaanza katika uwanja wa vita wa Kurukshetra, majeshi mawili ya ukoo mmoja yamekwisha jipanga na baragumu zimekwisha lia. Arjuna, bingwa wa upinde, amwambia mwendesha gari lake la farasi alisimamishe katikati, apate kuwatazama adui zake. Atazamapo aona babu yake, mwalimu wake, wajomba zake na binamu zake. Mwili wamtetemeka, upinde wamponyoka, naye aketi garini na kukataa kupigana. Mwendesha gari huyo ni Krishna, Mungu katika umbo la mwanadamu, na majibu yake kwa rafiki aliyevunjika moyo ndiyo kitabu chenyewe.

Kitabu si kikubwa. Kina sura 18 na beti zipatazo 700 za Kisanskriti, nacho ni sehemu ya kitabu cha sita cha Mahabharata, utenzi mrefu wa Wahindi wa kale. Charles Wilkins alikifasiri kwa Kiingereza mwaka 1785, na tangu hapo kimeingia katika lugha nyingi za dunia. Wahindu wengi hukisoma ili wajue maisha yao yana shabaha gani na moyo utatua wapi. Lakini mhakiki hana budi kuuliza swali ambalo wenye kukisifu hulipita upesi: je, kitabu ambacho mwisho wake shujaa ainuka na kushika tena upinde chaweza kuitwa kitabu cha utulivu?

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili hakichanganyi raha, amani na utulivu. Raha hufuatana na mali na afya. Vikiondoka, nayo huondoka. Amani aghalabu huwa kati ya watu na watu. Utulivu ni neno tulitumialo kwa maji na kwa moyo: bahari imetulia, moyo umetulia. Krishna hamwahidi Arjuna raha, wala hawezi kumwahidi amani, maana vita viko mbele yake. Amwahidi utulivu tu, nao autafuta mahali ambapo wengi hawautafuti, yaani ndani ya kazi.

Hoja yake ni hii. Hapana mtu awezaye kukaa bila kutenda. Hata kula na kupumua ni kutenda. Mwenye kukimbia kazi hakimbii tamaa yake, huibeba mgongoni mpaka huko aendako. Basi kinachomchosha mtu si kazi, bali kuikodolea macho faida yake: nitashinda au nitashindwa, nitasifiwa au nitachekwa? Mtu na atende lililo wajibu wake kwa bidii zote, kisha aache matokeo mikononi mwa Mungu. Njia hii ya tendo kitabu chaifungamanisha na njia mbili nyingine, maarifa na ibada, hata mwisho zote tatu zaonekana kama nyuzi za kamba moja.

Uzuri wa kitabu waonekana zaidi katika mifano. Mwenye kuzizuia hisia zake afananishwa na kobe aingizaye viungo vyake gambani. Moyo uliotulia wafananishwa na taa isiyotikisika mahali pasipo upepo. Mfano bora, kwa maoni yetu, ni wa bahari: mito yote humiminika ndani yake nayo haifuriki. Kobe hujificha, na taa huhitaji kukingwa, lakini bahari haijifichi wala haikingwi. Hupokea kila kijacho na kubaki bahari. Hapo ndipo mafundisho ya Gita yalipofika kilele.

Wafasiri wa kitabu hiki hawakupatana hata kidogo. Shankara, mwanafalsafa wa zamani wa madhehebu ya Advaita, alikisoma kama mwito wa kuiacha dunia: tendo husafisha moyo, lakini maarifa ndiyo huokoa. Tilak, aliyefungwa na Waingereza huko Mandalay, aliandika gerezani ufafanuzi mkubwa, uliochapishwa mwaka 1915, akasema la, kitabu chataka mtu atende na ajitoe kwa ajili ya nchi yake. Gandhi naye, katika tafsiri yake ya Kigujarati iliyotoka mwaka 1930, alisema vita vile ni mfano wa vita vilivyomo moyoni mwa kila mtu.

Tofauti hizi si mchezo wa wasomi. Tarehe 30 Januari 1948 Gandhi aliuawa mjini Delhi. Nathuram Godse, aliyempiga risasi, alipojitetea mahakamani alimtaja Arjuna aliyewaua jamaa zake mwenyewe, kuwa mfano wa kuhalalisha alilolitenda. Utenzi mmoja, basi, ulimlea aliyeuawa na ukampa muuaji hoja yake. Mhakiki asiyeona hatari hiyo hajakisoma kitabu kwa makini. Mtu akiambiwa kwamba tendo lisilo na tamaa halimtii doa mtendaji, nani atampimia tamaa yake?

Gandhi alikuwa amekwisha toa jibu, nalo ni jibu la mhakiki mwema. Alisema yako matendo yasiyoweza kutendwa bila tamaa, kama kuua na kusema uongo. Kwa hiyo kanuni ya Gita yenyewe yayakataza. Jibu hili ni zito, lakini haliondoi maneno ya kitabu, ambamo Krishna ahimiza vita waziwazi. Aidha kitabu chafundisha kuwa ni heri mtu atimize vibaya wajibu wa tabaka lake kuliko kutimiza vizuri wajibu wa mwingine. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa miongoni mwa watu walioitwa wasiogusika, alikishutumu kwa ukali: aliona kimeyapa matabaka na vita utetezi wa falsafa. Hapa twakubaliana naye. Fundisho la kutotazama faida ni tamu likitoka kinywani mwa mtu juu ya kazi yake mwenyewe. Tajiri akimwambia kibarua wake maneno hayohayo, huwa dhuluma.

Hata hivyo, Mahabharata yenyewe yatupa ufunguo ambao wasomao Gita peke yake huukosa. Vita vilipokwisha, waliopona walihesabika kwa vidole, na kitabu cha 11 kimejaa vilio vya wanawake juu ya maiti. Kisha, katika kitabu cha 14, Arjuna amwendea Krishna na kumwambia kuwa yale aliyofundishwa uwanjani yamemtoka, tafadhali ayarudie. Krishna amlaumu na kusema hawezi kuyarudia yote kama alivyoyanena siku ile. Badala yake amsimulia habari nyingine za kale.

Mtunzi aliyeweka kisa hicho aliwajua wanadamu. Mwanafunzi aliyesikia maneno kutoka kinywani mwa Mungu aliyasahau, wala ushindi haukumwachia utulivu. Ikiwa ndivyo, utulivu usemwao na Gita si hazina ambayo mtu huipata mara moja akaiweka sandukuni, wala si ruhusa ya kutenda atakalo kwa moyo mkavu. Ni kazi ya kila siku, na huharibika kwa kuachwa, kama shamba. Msomaji akikisoma kitabu hiki asikifunge penye sura ya 18, Arjuna akiwa amesimama na upinde mkononi. Aendelee mpaka penye vilio, na mpaka penye kusahau, ndipo apime mafundisho yake kwa haki.