Muhuri wa Leta juu ya shule ya roho



Mdogo wetu mmoja alinitumia picha ya karatasi kwa simu. Shule fulani ya ng'ambo inamwita asome masta ya saikolojia ya kiroho, masomo yote kwa intaneti, na chini kabisa wameandika kwamba shule "imekubaliwa na serikali". Alikuwa tayari kuuza kiwanja alichoachiwa na marehemu baba yake. Ananiuliza: "Yaya, si Leta imekubali? Sasa unaogopa nini?"

Hiyo shule yake siijui. Lakini hilo neno, kukubaliwa na serikali, nalijua, juu iko shule moja ambayo historia yake inalifunua vizuri kuliko maneno yangu yote. Ni University of Santa Monica, kule California, Marekani.

Ilianzishwa mwaka 1976, na wakati ule iliitwa Koh-e-nor University, jina linalokumbusha almasi. Mwenye kuianzisha ni John-Roger, mtu aliyekuwa mwalimu wa shule, kiisha akaanzisha dini yake, Movement of Spiritual Inner Awareness. Walioikuza mpaka ikajulikana ni bwana na bibi, Ron na Mary Hulnick. Somo lao kubwa lilikuwa masta ya saikolojia ya kiroho. Wanafunzi walikutana wikendi moja kwa mwezi, ukumbi unajaa, wanafundishwa kusikilizana, kusamehe, kujisamehe, na kujiona kwamba mtu ni roho inayopita katika maisha ya mwili.

Angalia sasa jambo moja ambalo watu wengi wanaliruka. Mwanzilishi yuleyule aliweka pia seminari, Peace Theological Seminary. Sheria ya California inaziachia shule za dini: kama unafundisha imani yako tu, na diploma yako inaonyesha wazi kwamba ni ya dini, biro ya serikali haikuchungulii. Basi kwa nini hii nyingine haikupita mlango wa dini? Juu ilitaka neno "saikolojia", na ilitaka kutoa masta ya kawaida. Ukitaka maneno hayo, lazima upite mlango wa serikali. Kwa maoni yangu, historia yote ya shule hii iko pale, katika kuchagua mlango.

Na huo mlango wa California ulikuwaje? Mwaka 1977 sheria iliweka ngazi tatu. Ya juu ni ithibati, yaani vyuo vyenyewe, kupitia shirika lao, vinachunguzana: walimu, maktaba, mitihani, uongozi. Ya katikati, serikali inakubali programu. Ya chini kabisa, serikali inakupa ruhusa tu, na sharti kubwa lilikuwa kuonyesha mali ya dola 50,000. Mtu mwenye nyumba nzuri angeweza kuitoa kuwa mali ya chuo kikuu! Njo maana miaka ile California ilipata sifa mbaya ya kuwa kiwanda cha diploma. Sheria ya 1989 ikakaza kamba, baadaye ikaja biro mpya, na University of Santa Monica ikaendelea na kibali cha jimbo, bila ithibati.

Sitaki kuwadharau. Kibali cha jimbo hakikuwa bure. Kinalinda mwanafunzi: shule iseme ukweli juu ya bei, irudishe pesa kama mtu ameacha masomo mapema, itunze karatasi za matokeo. Ndani ya California hata ofisi ya leseni za washauri wa ndoa na familia ilikubali diploma za shule zenye kibali cha jimbo, kama masomo yenyewe yalitimiza masharti. Lakini ukivuka mpaka, muhuri unapoteza nguvu. Oregon, jimbo jirani kabisa, iliweka ofisi yake ya kuchuja diploma zisizo na ithibati. Diploma ileile, nchi ileile, saa chache za ndege, na mtu anaanza kujieleza.

Mwenzangu mmoja, tulipokuwa tukibishana juu ya jambo hili, alisema: basi shule hiyo ni ya wongo. Hapana. Hapo anakosea kama mdogo wetu, ila kwa upande mwingine. Wahitimu wa shule hiyo waliingia gereza la wanawake la Chowchilla kama wa kujitolea, wakakaa na wafungwa na kuwafundisha namna ya kusikiliza na kuachilia hasira. Kazi hiyo siwezi kuicheka. Wangapi kati yetu wenye diploma zilizopigwa mihuri mitatu wameingia gereza la Makala au la Munzenze kufundisha kitu? Lakini ile kazi ni nzuri yenyewe, na haikuhitaji neno "masta". Mwenye kukuza hilo neno aseme kwanza linafanya nini pale.

Kuna vyuo vingine vya California vilivyotaka kuunganisha roho na saikolojia, vikachagua njia ndefu. California Institute of Asian Studies ilianzishwa San Francisco mwaka 1968 na Haridas Chaudhuri, mwanafalsafa kutoka Uhindi. Leo ni California Institute of Integral Studies, na ina ithibati tangu 1981. Institute of Transpersonal Psychology, ya 1975, nayo ilipata ithibati ileile ya mkoa. Walikubali watu wa nje waje kukagua na kuuliza maswali magumu. Kwa hiyo usiniambie kwamba roho haiwezi kukaguliwa. Roho labda haikaguliwi, lakini mitihani, vitabu na walimu vinakaguliwa.

Halafu ikaja 2007. Sheria ya biro ile ya California iliisha muda wake, na wabunge na gavana hawakukubaliana juu ya ile ya kuifuata. Biro ikafungwa katikati ya mwaka! Biro mpya ilianza tarehe 1 Januari 2010. Siye Wakongo tunajua kucheka serikali yetu na agrema zake za muda na orodha zake za vyuo "viable" na "non viable", lakini hata jimbo tajiri kuliko nchi nyingi lilikaa zaidi ya miaka miwili bila ofisi ya kawaida ya kupiga huo muhuri. Mwaka 2014 sheria nyingine ikasema: shule inayotoa diploma za chuo itafute ithibati, na mwisho ni 2020. Leo University of Santa Monica haitoi tena masta. Inaendelea na programu zake, bila lile jina.

Nilimwandikia mdogo wetu hivi: usiulize "mmekubaliwa?" Uliza: nani amewakubali, kwa kitu gani, mpaka lini, na nikirudi Kongo, minisiteri ya masomo ya juu itaandika nini kwa ombi langu la ekivalansi? Kama unatafuta amani ya moyo, ni halali, lakini tuulize bei ya amani peke yake, bila masta.

Alituma maswali hayo siku ya Jumatatu. Shule ilimjibu siku ileile, na jibu lilikuwa fomu ya kulipa. Kiwanja bado hakijauzwa.