Kunyonga au Kusukuma: Hesabu ya Milima ya Sotik

Mwendesha baiskeli wa Sotik akifika chini ya mlima, hajiulizi aende kasi gani. Baiskeli yake, ile ya chuma iitwayo Black Mamba, haina gia za kubadilisha, basi anachochagua ni kunyonga au kushuka asukume. Anayeshuka mapema huchekwa kuwa mvivu. Hesabu inamtetea.

Chukua mtu wa kilo 65 juu ya baiskeli ya kilo 22, yenye meno 44 mbele na 18 nyuma. Kila mzunguko wa pedali humsogeza mita 5.4 hivi. Njia ikiinuka mita 8 katika kila mita 100, mguu hukanyaga kwa nguvu ya wastani sawa na uzito wa kilo 38. Huo ni wastani tu. Pedali ikielekea mbele, lazima asimame na kuiegemea kwa mwili mzima. Mfungie kwenye keria mkebe wa lita 20 za maziwa ya kupeleka kiwanda cha maziwa cha KCC, na wastani unafika kilo 48. Magoti gani yatastahimili hayo kila asubuhi?

Na anaokoa nini? Mlima wa mita 300, akinyonga kwa kilomita 6.5 kwa saa, humchukua sekunde 166. Akisukuma kwa kilomita 4.5, sekunde 240. Kinachogombewa ni dakika moja na kidogo, na aliyesukuma hufika juu angali na pumzi.

Wengine hutaka kufidia muda kwenye mteremko. Hapo ndipo wanapokosea. Kilomita 3 za kuteremka kwa kasi ya 30 ni dakika 6. Kwa kasi ya 20 ni dakika 9. Kuipanda njia hiyohiyo kwa kilomita 6 kwa saa kulishakula nusu saa, kwa hiyo dakika 3 hazikomboi kitu. Tena breki zenyewe ni vyuma vinavyovuta mipira ibane rimu, na rimu ikilowa mvua ya alasiri hazishiki upesi.

Ukitaka nafuu ya kweli, mwambie fundi akuwekee meno 22 nyuma. Zile kilo 38 zitashuka hadi 31. Gharama yake ni kwamba kwenye tambarare, ili uende kilomita 15 kwa saa, utazungusha pedali mara 57 kwa dakika badala ya 46. Kwa barabara za huku, lipa gharama hiyo.