Pongezi kwa Mafundi wa Bao
Hongereni, mafundi wa bao wa Kibiti na delta ya Rufiji, mnaowapisha vijana ubaoni. Mbele ya mashimo 32 na kete 64, kijana hana bahati ya kumwokoa. Huanza na kete 22 mkononi na 6 nyumbani, shimo lake kuu, na katika namua, hatua ya kwanza ya kuingiza kete ubaoni, kila kete humdai uamuzi: ale shimo lipi, na nyumba isafiri au ilale? Kwangu, hapo pana utamu zaidi kuliko mtaji, hatua ya pili ya mchezo. Mchezo wa ubaoni unaweza kumfikisha kijana mbali: kule Katwe, Kampala, Robert Katende aliwafundisha watoto sataranji, na mmoja wao, Phiona Mutesi, akaiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji ya 2010. Nanyi mnastahili mashindano ya vijana, tangu Nyamisati hadi Kibiti mjini, yenye waamuzi na zawadi za maana.