Sam Ntiro na Ukweli wa Kumbukumbu

Mchoraji akaaye mbele ya mti akauchora, mti wenyewe humsahihisha. Achoraye kwa kumbukumbu hana wa kumsahihisha ila moyo wake. Sam Joseph Ntiro alikuwa wa namna hii ya pili. Alizaliwa Machame, katika mtelemko wa Kilimanjaro, mwaka 1923. Alifundishwa na Margaret Trowell huko Makerere, kisha akasoma London, katika chuo cha Slade. Walakini popote alipokwenda, hata alipokuwa balozi wa Tanganyika katika Uingereza baada ya uhuru wa mwaka 1961, brashi yake ilirudi nyumbani: kwenye migomba, vilima, ng'ombe, na watu walio kazini.

Wako wanaoziona picha hizo kuwa za kitoto. Watu wake ni wadogo, wamefanana, na nyuso zao hazitambulikani. Rangi zimetandazwa bila kivuli kingi. Sifa hizo zimo kweli, lakini hukumu itokanayo nazo si ya haki. Mtu aliyesoma Slade hakukosa kufundishwa namna ya kuchora mwili wa mwanadamu. Alichoacha alikiacha kwa hiari, na yafaa tuulize aliacha nini ili apate nini.

Tuitazame picha yake ijulikanayo kuliko nyingine, aliyoichora mwaka 1956. Jina lake kwa lugha yetu ni Wanaume Wakimpelekea Bibi Arusi Pombe ya Ndizi Usiku. Mchoraji mwingine angalichagua karamu yenyewe, ngoma na vicheko vyake. Ntiro alichagua safari. Ajuaye mbege hahitaji kuelezwa sababu: ndizi ziivishwe na kupikwa, ulezi uoteshwe na kusagwa, siku zihesabiwe, na pombe ikishaiva, haingoji. Mzigo ule ni kazi ya mikono mingi kwa heshima ya mtu mmoja. Hapo ndipo kufanana kwa watu wake kunapopata maana. Katika kazi ya ujima haiulizwi nani kabeba, huulizwa kama mzigo umefika. Kumbukumbu ya Ntiro ilisahau sura ikahifadhi mwendo, na mwendo ndio desturi.

Hata hivyo, sifa isiwe pazia. Ardhi ya Kilimanjaro imekuwa haba tangu zamani za ukoloni, na kihamba, shamba la ukoo, ni chanzo cha ugomvi kama kilivyo chanzo cha chakula. Katika picha za kazi za Ntiro ugomvi huo hausikiki. Hapana anayenung'unika, wala asiyeitwa karamuni. Kumbukumbu ya mtu aliye mbali na kwao ina huruma nyingi, na huruma ikizidi hupunguza ushahidi. Atafutaye historia yote ya Machame asiitafute hapa peke yake.

Liko na jambo la kusikitisha zaidi. Picha hiyo ilinunuliwa mwaka 1960 na Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kisasa la New York. Ni heshima kubwa. Lakini mtazamaji wa huko aweza kusifu rangi, asiweze kusema kama wabebaji wanakwenda kama wabebaji wa mbege waendavyo. Awezaye kusema hivyo yuko Machame, na picha iko ng'ambo ya bahari. Ntiro alifariki mwaka 1993. Sasa yeye hawezi kusahihisha wala kusahihishwa, na wazee wanaoijua njia ile ya usiku wanapungua. Picha iliyochorwa kwa kumbukumbu huhitaji wanaokumbuka. Ikiwakosa, hubaki pambo. Basi wenye kuhifadhi kazi zake na waandike pia maneno ya wale waliobeba mizigo, maadamu wangali hai.