Filamu Tatu, Uongo wa Aina Tatu

Mimi huangalia filamu kama wengine wanavyotafuna karanga: bila ratiba, mkono unashika chochote kilichomo kwenye mfuko. Sijasomea sinema. Watu wakianza kubishana kuhusu lenzi na mwanga, huwa naitikia kwa kichwa tu na kusubiri wamalize. Ninachojua ni kama nilisinzia au sikusinzia, na kama kesho yake asubuhi, nikiwa kwenye daladala, bado namfikiria mtu ambaye hayupo duniani. Kwa hiyo yachukue haya kuwa maoni ya mtazamaji wa kawaida mwenye bando la wiki.

Ndani ya wiki chache zilizopita nimeangalia filamu tatu za huku kwetu, mbili za Kenya na moja ya Tanzania. Hakuna iliyo mpya. Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga ilitoka 2012, Supa Modo ya Likarion Wainaina ilitoka 2018, na Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilianza kuonyeshwa 2021. Sikuzichagua kwa sababu yoyote ya maana. Lakini nilipomaliza ya tatu niliona kwamba zote zinazunguka swali moja. Ndani yake mna watu wanaoigiza, wanaoficha, wanaodanganya, na kila filamu ina mawazo yake kuhusu nani anafaidika na uongo huo.

Nianze na Nairobi Half Life, maana ndiyo iliyonichekesha zaidi. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza DVD, na ili auze, anaziigiza filamu zenyewe mbele ya wateja: risasi kwa mdomo, mateke kwa miguu, kufa na kufufuka palepale barabarani. Ndoto yake ni kuwa mwigizaji. Anakwenda Nairobi, na jiji halimpi hata siku moja ya ugeni. Anaporwa, anajikuta selo, na huko ndiko anakopata marafiki wake wa kwanza wa mjini. Baada ya muda maisha yake yamegawanyika vipande viwili. Upande mmoja yuko na genge la Oti linaloiba vipuri vya magari, upande mwingine yuko kwenye mazoezi ya mchezo wa kuigiza pamoja na watu wanaozungumza Kiingereza kilichopigwa pasi.

Joseph Wairimu, aliyemwigiza Mwas, alipewa tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Durban mwaka uleule wa 2012, na mimi nisiyejua vigezo vya tuzo nasema alistahili. Ana uso ambao hauwezi kuficha kitu, na anacheza mtu ambaye kazi yake ni kuficha. Kwa genge anaficha sanaa, kwa wasanii anaficha wizi. Kilichonigusa ni kwamba jukwaani, mahali ambapo kila aliyelipa kiingilio anajua kuwa huyu anaigiza, ndipo Mwas anaposema kweli. Kwingine kote anajilinda tu.

Nina malalamiko mawili. La kwanza ni wanawake. Amina amewekwa pale ili wanaume wawili wawe na kitu cha kugombania, na sikumbuki jambo lolote analolitaka kwa ajili yake mwenyewe. La pili ni mwisho, ambapo bunduki zinaongea kwa muda mrefu kuliko watu. Lakini hayo hayakunizuia kuifurahia. Kulikuwa pia na burudani nyingine ambayo waliotengeneza filamu hawakuipanga: mimi Mtanzania, mzungumzaji wa Kiswahili tangu nizaliwe, nilikuwa nasoma maandishi ya Kiingereza chini ya kioo ili nielewe Sheng ya jirani yangu.

Kwenye Vuta N'kuvute macho yangu yalipumzika. Nilikuwa nasikia tu. Kiswahili cha Unguja kinapita taratibu, na kwa karibu saa moja na nusu sikuhitaji kusoma chochote. Ni raha ndogo, lakini mtu aliyekulia kwenye filamu za Kimarekani, za Kihindi na za Kinigeria anajua jinsi ilivyo adimu. Filamu hii ilifika kwenye tamasha la Toronto, na mwaka 2022 Tanzania iliipeleka kugombea Oscar. Wazungu ndio waliosoma maandishi safari hii.

Hata hivyo niliiendea kwa mashaka. Wengi wetu riwaya ya Adam Shafi tuliisoma kwa ajili ya mtihani wa Kidato cha Sita, na kitabu ulichokisoma huku ukihesabu hoja za dhamira hakikuachii hamu ya kukirudia. Kisa chenyewe ni cha Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya Waingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi, ameozwa kwa mwanamume aliyemzidi umri mno na asiyempenda. Anatoroka, anapokewa na Mwajuma, na kupitia huko anakutana na Denge, kijana anayepigania uhuru na anayewindwa na serikali.

Ni filamu nzuri kwa macho. Mwanga unavyogusa kuta za mawe, maji, vitambaa, vichochoro usiku. Karibu kila picha ungeweza kuichapisha na kuitundika sebuleni. Na hapo ndipo ugumu wangu ulipo. Zanzibar ni mahali ambapo pameuzwa kwa picha nzuri kwa muda mrefu: milango ya nakshi, majahazi, machweo. Shivji anajua hivyo, na watu anaowafuata ni walewale ambao kadi za posta huwaondoa: mwimbaji wa Ng'ambo, mwanamke aliyekimbia ndoa, vijana wanaopitisha karatasi za siasa. Lakini kuna nyakati kamera yake inarudi kwenye kadi ya posta. Mateso yanapendeza. Selo inapendeza. Nilijikuta nikisifu kivuli ukutani wakati nilitakiwa kumwogopea mtu.

Kitabuni watu wanabishana. Wanakunywa, wanabishana, wanapendana, wanarudi kubishana. Kwenye filamu wanatazamana zaidi. Aliyesoma riwaya anaweza kujazia mapengo kwa kumbukumbu. Asiyeisoma ataelewa kwamba Denge yuko tayari kufa kwa ajili ya uhuru, ila hataelewa vizuri ni uhuru wa namna gani, wa nani na nani. Najua kwa nini mtu angekwepa. Siasa za miaka ile, hadi Mapinduzi ya Januari 1964 na baada yake, bado ni kidonda katika nyumba nyingi, Unguja na Pemba na hata Muscat. Anayekaa kimya anaweza kuwa anaheshimu kidonda hicho. Lakini kutosema nako ni namna ya kusema uongo, na uongo wa aina hii humfaidi zaidi mtazamaji ambaye hataki kusumbuliwa.

Kinachoiokoa filamu, kwangu mimi, ni Mwajuma. Anachezwa na Siti Amina, ambaye ni mwanamuziki kweli, na kila anapoingia nyumba inapata joto. Mapenzi ya Yasmin na Denge niliyatazama kwa heshima. Urafiki wa Yasmin na Mwajuma niliuamini: wanawake wawili wa asili tofauti wanaogawana chumba, chakula na siri bila hotuba yoyote kuhusu umoja. Kama Shivji angetengeneza filamu nzima juu ya hao wawili, ningeiangalia mara mbili.

Sasa Supa Modo, ambayo nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo iliyokataa kuondoka.

Jo ana miaka tisa na ana ugonjwa ambao hautapona. Anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Mama yake, mkunga wa kijiji, anamtoa hospitalini ili siku zilizobaki azimalizie nyumbani. Mama anataka mwanawe apumzike na alindwe. Dada yake, Mwix, anaona kulindwa namna hiyo ni kufa kabla ya siku. Kwa hiyo Mwix anaanza kuwashawishi watu wamwigizie Jo kwamba kweli ana nguvu. Kuna mechi ya mpira ambapo wachezaji wanaganda kama sanamu ili mtoto aamini amesimamisha muda. Baadaye kijiji kizima kinaingia kwenye kazi ya kutengeneza filamu ambayo shujaa wake ni Jo.

Ukiisimulia hivyo inasikika kama sukari guru, na ni kweli kwamba utamu umezidi sehemu fulani. Muziki unakusukuma ulie kabla hujawa tayari. Kijiji kina mioyo mizuri kupita kiasi. Kijiji ninachokijua mimi kingekuwa na angalau mzee mmoja anayedai posho. Lakini filamu haimdharau mama anayekataa mchezo huu. Marianne Nungo anamcheza kama mtu mwenye hoja. Amewazalisha wanawake wa watu, anajua mwili unaanzaje na unaishaje, na haoni kwa nini mtoto wake apewe hadithi wakati anahitaji blanketi.

Nilikuwa upande wa mama huyo kwa nusu saa nzima, na nina sababu. Bibi yangu mzaa mama alipougua saratani, wajomba walikaa kikao wakaamua asiambiwe. Aliambiwa ni vidonda vya tumbo. Sisi wajukuu tulielekezwa: mkiingia chumbani, nyuso ziwe za furaha, msikae sana, msije mkalia. Basi kila mtu aliingia, akatabasamu, akataja bei ya maharage, akatoka. Kadiri alivyozidi kudhoofu ndivyo tulivyozidi kufupisha, kwa kuogopa macho yetu yasije yakasema. Siku moja alinishika mkono akaniuliza, "Mjukuu wangu, mbona siku hizi mkija hamkai?" Sikuruhusiwa kuwa na jibu. Tangu hapo nimekuwa na hasira na uongo wote unaosemwa kando ya kitanda cha mgonjwa, hata ule wenye nia njema. Kwa hiyo kijiji kizima kilipoanza kumdanganya Jo, nilikunja uso.

Kilichonilegeza ni kuangalia uongo ule unavyofanya kazi. Nyumbani kwetu uongo ulikuwa rahisi: sentensi moja, mlango unafungwa. Kwa Jo uongo ni ajira ya watu wengi. Lazima mtu ashone vazi, mwingine agande uwanjani jua likimpiga, mwingine akubali kuwa adui na apigwe, mwingine ashike kamera. Huwezi kuufanya bila kuja na kukaa. Bibi alidanganywa na watu wakapungua chumbani. Jo anadanganywa na watu wanaongezeka. Halafu yeye mwenyewe si mjinga, anajua anaumwa. Anachopewa na kijiji chake ni nafasi katikati ya watu, mpaka mwisho, akiwa na kazi ya kufanya.

Nadhani ndiyo maana si bahati mbaya kwamba kijijini kwa Jo yupo kijana anayeonyesha filamu na kuzitangaza kwa mdomo. Waliowahi kulipa kiingilio cha kibanda umiza wanamjua mtu huyo. Kenya wana DJ Afro, sisi tulikuwa na Lufufu, ambaye sauti yake ilikaa juu ya filamu za kigeni na kuzifanya za kwetu. Wafasiri hawa hawakuwa waaminifu hata kidogo. Walimpa Mchina jina la Kiswahili, walimtia mwanajeshi wa Kimarekani maneno ambayo hakuyasema, walikatiza mapigano kuwatania watazamaji. Hakuna aliyedai kurudishiwa pesa. Sote tulijua kwamba anatunga, na tulimpenda kwa sababu alikuwa anatutungia sisi, tuliobanana kwenye benchi.

Kipimo ninachotoka nacho kwenye filamu hizi tatu ndicho hicho. Uongo wa Mwas mtaani unamwacha peke yake kila upande. Ukimya wa Vuta N'kuvute unatuacha sisi tukisifu ukuta, wakati waliopaswa kubishana wamenyamaza. Uongo wa Supa Modo unaita watu. Sijasema uongo ni mzuri. Wajomba zangu nao walitenda kwa mapenzi, na bado naamini bibi alikuwa na haki ya kujua ugonjwa wake, awaite anaotaka kuwaita na aseme anayotaka kusema. Lakini sasa najua kwamba kilichomuumiza zaidi hakikuwa lile neno la vidonda vya tumbo. Zilikuwa zile dakika tano tano.

Jambo moja la mwisho kwa wanaopenda kujua pesa ilikotoka. Nairobi Half Life na Supa Modo zote mbili zimetokana na mradi wa One Fine Day Films, wa mwongozaji Mjerumani Tom Tykwer na wenzake, wakishirikiana na kampuni ya Ginger Ink ya Nairobi. Wengine watasema hilo linazipunguzia uhalisia. Mimi nimesikia Kikikuyu, Kiswahili na Sheng, nimewaona watu ninaowajua, na nimemwona mfasiri wa kibanda umiza akipewa heshima yake. Deni linalobaki ni letu, la kulipa kiingilio.

Ukiwa na jioni ya kucheka na kushtuka, chukua Nairobi Half Life. Ukitaka kusikia lugha yako bila haraka, chukua Vuta N'kuvute, na ukimaliza kirudie kitabu, safari hii bila kalamu ya kupigia mistari. Ukiwa na jioni moja tu, chukua Supa Modo. Usiiangalie kwenye simu peke yako kitandani. Waite watu, na wakija, wakae.