Zidi, Zidisha na Mara: Lugha ya Mazoezi ya Aljebra katika Shule za Msingi

Istilahi za hisabati zilizopatikana tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi mwaka 1967 ni kazi ya kujivunia. Neno mlinganyo halihitaji kutetewa: mtoto aliyewahi kutazama mizani ya muuza nyanya anaelewa kwamba pande mbili sharti zilingane. Shufwa na witiri nayo ni maneno ambayo watoto wengi wa Kiislamu hukutana nayo katika sala kabla ya kukutana nayo katika hesabu.

Tumepitia baadhi ya vijitabu vya mazoezi vinavyouzwa Kariakoo kwa ajili ya madarasa ya juu ya shule ya msingi, vyenye maswali ya mfuatano wa namba, mitajo na milinganyo. Istilahi zake ni sahihi karibu zote. Kasoro zimo katika maneno madogo ambayo hakuna kamati iliyoyajadili.

Tuchukue kitenzi zidi. Mwanafunzi amefundishwa kwamba zidisha ni tendo la alama ×. Kisha aulizwa: umri wa Asha umezidi umri wa Juma kwa miaka 3, ikiwa umri wa Juma ni n, umri wa Asha ni upi? Jibu ni n + 3. Lakini mtoto msikivu, ambaye kwa miaka kadhaa ameusikia mzizi huo pamoja na alama ya ×, ataandika 3n, naye atakuwa ameifuata sarufi. Zidisha ni kauli ya kutendesha ya zidi. Maana yake ya asili ni kufanya kitu kiongezeke, kwa njia yoyote ile. Hisabati imelifunga neno hilo kwenye alama moja, ilhali nduguye amebaki huru sokoni. Mnunuzi asemaye "nizidishie kidogo" hatarajii kuzidishiwa kwa mbili!

Baya zaidi ni "mara tatu zaidi ya". Je, ni 3n au 4n? Mtungaji mwenyewe huonekana hana hakika. Hatupendekezi kubadili zidisha, kwani neno limekwisha ota mizizi. Tunapendekeza watungaji waandike "mara tatu ya" peke yake, na pale penye kujumlisha waandike "Asha ni mkubwa kwa Juma kwa miaka 3".

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo madogo. Na aende Upanga. Shule za Serikali za Olympio na Diamond hufundisha kwa Kiingereza. Mwendo mfupi kuelekea Kariakoo, mtoto wa rika lilelile hufundishwa aljebra kwa Kiswahili. Wote wawili watakutana Kidato cha Kwanza, ambako hisabati husomeshwa kwa Kiingereza, hata katika sekondari ya hapo Upanga inayobeba jina la Shaaban Robert. Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika katika sekondari kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Kwa hiyo mtoto wa Kariakoo hana budi kuvuka akiwa ameishika dhana yenyewe ya n. Akivuka na 3n aliyoipata kwa kuponzwa na neno, ataambiwa kwamba hajui Kiingereza, au hana kichwa cha hesabu.

Kigawe na kigawo, kipeo na kipeuo, ni jozi zilizoundwa kwa ustadi. Kigawe ni kinachogawiwa, kama kiumbe ni kilichoumbwa. Na -u- ya kipeuo hutendua, kama fungua inavyotendua funga. Mwalimu awaonyeshe watoto siri hiyo ubaoni, kwa maandishi, kwa maana katika darasa lililojaa watoto irabu moja haisikiki.

Alama ya = nayo imepotoshwa kwa kusomwa "jibu ni". Mpe mtoto 8 + 4 = □ + 5, naye ataandika 12 badala ya 7. Isomwe "ni sawa na", siku zote. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9, alitia al-jabr na al-muqabala katika jina la kitabu chake. La kwanza limezunguka Ulaya likatufikia kama aljebra. La pili tunalo nyumbani, mkabala, na ndilo hasa lieleweshalo pande mbili zinazotazamana.

Limebaki suala la dhana ya namba moja kuifuata nyingine kwa kanuni. Mtafsiri wa haraka hulikimbilia neno kazi, ambalo tayari limeelemewa. Vijitabu vyenyewe hutoa 3, 7, 11, 15 na kutaka namba inayofuata tu. Mtoto huongeza 4, hupata 19, na mambo yamekwisha. Angeulizwa namba ya 20 angelazimika kutafuta kanuni, 4n – 1, na kupata 79. Pishi moja ni vibaba 4, korija moja ni vitu 20: idadi ya vibaba inategemea idadi ya pishi. Kwa umri huo kitenzi tegemea kinatosha kabisa, na kamati itafute nomino yake kwa ajili ya sekondari.