Vimelea, Vijidudu au Vijiumbe? Istilahi za Uhai wa Udongo

Katika maandishi ya kilimo yanayotafsiriwa kwa ajili ya wakulima, viumbe wadogo waishio udongoni huitwa mara 'vimelea', mara 'vijidudu'. Twaona kwamba hakuna kati ya maneno hayo linalofaa, na madhara yake hufika mpaka shambani.

'Kimelea' ni kiumbe aishiye kwa kumnyonya mwingine. Hebu tuwatazame bakteria wa raizobia, wakaao katika vinundu vya mizizi ya maharagwe na kunde. Mmea huwapa sukari. Nao huitwaa nitrojeni ya hewani na kuigeuza iwe chakula cha mmea. Huo ni ubia, si unyonyaji. Kumwita mbia 'kimelea' ni kuipotosha elimu yenyewe.

'Vijidudu' lina kasoro nyingine. Limeambatana mno na maradhi, hata msomaji akilikuta huwaza dawa ya kuua. Mkulima aambiwaye kwamba udongo wake umejaa vijidudu aweza kuchoma mabaki ya mazao, ilhali mabaki hayo ndiyo chakula cha bakteria na kuvu watengenezao mboji.

Tunapendekeza 'vijiumbe wa udongo'. Neno hili latokana na 'kiumbe', halihukumu wema wala ubaya, na hupatanishwa kama viumbe hai wengine: 'vijiumbe hawa huozesha majani'. 'Vijidudu' libaki kwa waletao maradhi, na 'vimelea' kwa wanyonyaji.

Jambo la pili ni 'kilimo cha kuzalisha upya', tafsiri ya neno kwa neno, ambayo humfanya msomaji adhani yasemwa mavuno ya pili. 'Hifadhi ya ardhi' nalo halitoshi: kuhifadhi ni kulinda kilichopo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza mwaka 1973, ulipambana hasa na mmomonyoko. Hapa kinachokusudiwa ni kuurudishia udongo uhai uliopotea. Kwa hiyo twaona 'kilimo rejeshi' ndilo jina lifaalo.

Dhana yenyewe si ngeni. Wamatengo wa Mbinga hulaza nyasi walizofyeka, wakazifunika kwa udongo na kuacha mashimo yazuiayo maji ya mvua. Nyasi huoza chini ya matuta na kuyarutubisha. Kilimo hicho huitwa ngoro. Mtunga istilahi angeanzia huko kabla ya kufungua kamusi ya kigeni.

Watafsiri, walimu na maofisa wa kilimo wanaombwa watoe maoni yao kabla mapendekezo haya hayajapelekwa kusanifishwa.